Amemaliza Hija, Amefika Dar: Hukumu na Adabu za Kurejea kwa Ahali

Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka zinapomalizika siku za Tashriq, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingia katika kusubiri. Baba yuko njiani, mama yuko njiani, bibi ameshapiga simu kuwa ametoka Makka. Baadhi ya mahujaji wetu hushuka moja kwa moja Zanzibar. Wengine hushuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, wakapokelewa na watoto na jamaa na kupelekwa Mbagala, Tandika, Chang'ombe, Mwananyamala au Magomeni. Hapo ndipo maswali yanapoanza kuingia kwa wingi. Aliyefikia kwa mwanawe Temeke, anapunguza sala au anakamilisha? Inafaa akae wiki mbili na huku mkewe yuko Wete anamsubiri? Lazima anunue zawadi kwa kila mtu? Lazima achinje?

Tumeona ni vyema kuyakusanya maswali haya mahali pamoja na kuyaeleza kwa utaratibu, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i (r.a.) ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayafuata, na pale penye khitilafu tutaashiria.

Hija ni ibada ya miguu

Kwanza tufahamu huyu anayerejea anatoka wapi. Katika Surat al-Hajj, aya ya 27, Allah Mtukufu alipomuamuru Nabii Ibrahim (a.s.) awatangazie watu Hija, alimueleza kuwa watamjia kwa miguu na juu ya wanyama waliokonda kwa safari. Miguu imetajwa mwanzo. Na hata leo, pamoja na mabasi na treni, Hija bado ni mwendo. Kutoka Makka hadi Mina ni takriban kilomita 7, Mina hadi Arafa ni takriban kilomita 14, na Arafa hadi Muzdalifa ni takriban kilomita 9. Juu ya hayo kuna kwenda Jamarati siku baada ya siku, kuna tawafu, na kuna sa'i baina ya Safa na Marwa ambayo peke yake inakaribia kilomita 3. Mzee wa miaka 65 aliyezoea kutoka nyumbani kwake Jang'ombe hadi msikitini na kurudi, hutembea huko kwa siku chache mwendo ambao hajautembea kwa miezi.

Lakini sheria haikumtaka mtu ajitese. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimuona mzee akiburutwa baina ya wanawe wawili. Akauliza ana nini. Wakamwambia ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa Allah hana haja na mtu huyu kuiadhibu nafsi yake, na akamuamuru apande kipando. Vivyo hivyo dada yake Uqba bin Amir (r.a.) alipoweka nadhiri ya kuiendea Nyumba ya Allah kwa miguu, aliambiwa atembee na pia apande. Kwa sababu hizi na kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alihiji akiwa amepanda, Imam Nawawi ameipa nguvu kauli kuwa kupanda ni bora kuliko kutembea.

Jambo hili si la nadharia. Katika Hija ya mwaka 2024 (1445 Hijria) joto la Makka lilipanda kupita nyuzi 50, na Saudi Arabia ilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki. Wengi wao walikuwa watu waliokwenda bila kibali, wakatembea masafa marefu juani bila ya hema wala usafiri. Allah awarehemu. Kwa hiyo familia inayompokea mzee wao akiwa salama, imepokea neema kubwa, na ianze kwa kushukuru kabla ya kuuliza kwenye masanduku mna nini.

Asitoke Makka na deni la tawafu

Kurejea kwa ahali kuna mlango wake, na mlango huo uko Makka. Kuna tawafu mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni tawafu ya ifadha. Hii ni nguzo ya Hija. Haifidiwi kwa kuchinja wala kwa kumtuma mtu mwengine. Katika madhehebu ya Shafi'i wakati wake hauna mwisho, lakini asiyeifanya bado hajatoka kikamilifu katika ihramu, na mume au mke wake bado ni haramu kwake mpaka arudi aifanye. Fikirini ndugu zangu: mtu amefika Dar, amepokelewa kwa dufu, anaelekea nyumbani kwa mkewe, na kumbe bado ana kifungo cha ihramu. Ndiyo maana tunasisitiza kila hujaji ahakikishe tawafu hii na kiongozi wa kikundi chake kabla ya kupanda ndege. Mwanamke aliyepata hedhi kabla ya kuifanya asinyamaze kwa haya. Amueleze kiongozi mapema ili atafutiwe njia, iwe ni kuchelewesha safari au kupata fatwa ya wanachuoni kwa hali yake.

Ya pili ni tawafu ya kuaga, yaani tawaful wadaa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa watu waliamrishwa jambo lao la mwisho liwe katika Nyumba ya Allah, isipokuwa mwanamke mwenye hedhi amesamehewa. Tawafu hii ni wajibu kwa kauli yenye nguvu. Aliyeiacha bila udhuru ana dhima ya kuchinja. Akishaifanya asikae Makka tena ila kwa shughuli za safari yenyewe, kama kufunga mizigo au kusubiri basi. Hii nayo ni ishara: aliyeaga, ameaga. Uso wake sasa umeelekea kwao.

Kuharakisha kurejea ni katika ibada

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ameieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwa sababu humkosesha mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akamtaka aliyemaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa ahali zake. Na katika mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.), aliyoyapokea Daraqutni na Hakim, haraka hiyo imetajwa kwa aliyemaliza Hija khasa, na kwamba kufanya hivyo kunamuongezea ujira.

Tazama pia kisa cha Malik bin Huwayrith (r.a.). Yeye na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (s.a.w.) takriban siku 20. Mtume akahisi kuwa wamewakumbuka watu wao. Akawauliza waliowaacha nyuma, kisha akawaambia warudi kwao, wakae nao na wawafundishe. Hawa walikuwa wanasoma kwa Mtume mwenyewe, katika mji wa Madina, na bado waliambiwa warudi nyumbani. Basi nani atasema kuwa kukaa Kariakoo wiki mbili akichagua vitambaa ni bora kuliko mke na watoto wanaomsubiri?

Katika historia kuna mfano wenye mazingatio, nao unahusu mtu aliyefika katika pwani yetu. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akiwaacha wazazi wake wote wawili hai, kwa nia ya Hija. Hija aliipata. Lakini safari ilizaa safari. Mwaka 1331 alikuwa Mogadishu, Mombasa na Kilwa, kisha akenda mbali zaidi. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipopata khabari kuwa baba yake amefariki miaka 15 nyuma. Akaelekea kwao, na kabla hajafika Tangier mama yake naye akafariki kwa tauni. Elimu aliyotuachia ni kubwa na Allah amlipe kwayo, lakini ukweli ni kuwa alipofika nyumbani hakukuwa na mzazi wa kumpokea. Zama zake khabari zilichukua miaka. Zama zetu, boti kutoka Dar hadi Unguja huchukua kama saa 2.

Wenyeji wa Dar nao wana haki yao. Huenda mtoto aliyeko Kinondoni ndiye aliyemlipia mzee gharama zote, na anatamani akae naye, amuombee dua, wajukuu wamuone. Hilo ni jema. Sheria imeweka haki ya mgeni kuwa siku 3. Basi siku moja au mbili za kupumzika na kuzuru jamaa hazina ubaya. Linalokatazwa ni kumgombania mzazi kana kwamba baraka zake ni za mtoto mmoja, na huku mke wake, au mama yake mtu mzima, anauliza kila siku kwa simu: "Lini?" Mwenye haki ya mwanzo ni aliyeachwa nyumbani na akasubiri. Mtoto mwema amkatie mzazi wake tiketi ya boti, na ikiwezekana avuke naye.

Sala yake akiwa Temeke au Kinondoni

Hapa ndipo penye maswali mengi, kwa hiyo tuelezane polepole.

*Kwanza:* hujaji anayepita Dar akielekea Unguja au Pemba bado ni msafiri. Kuwa na mtoto, ndugu au kiwanja Mbagala hakuifanyi Mbagala kuwa kwao. Ikiwa nia yake ni kukaa chini ya siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, anaruhusika kupunguza adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, na anaruhusika kujumuisha. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi.

*Pili:* akinuia tokea mwanzo kukaa siku 4 kamili au zaidi, ruhusa yake inakatika pale pale anapofika. Atakamilisha kama wenyeji. Mfano: amefika Jumatatu na ameazimia kuvuka Jumapili. Ukiondoa Jumatatu na Jumapili zimebaki siku 5. Huyu anakamilisha.

*Tatu:* ikiwa hana siku maalumu, anasubiri jambo linaloweza kumalizika wakati wowote, kama mzigo uliochelewa uwanjani au bahari iliyochafuka, anaendelea kupunguza mpaka siku 18.

*Nne:* akisali nyuma ya imamu mwenyeji katika msikiti wa mtaa, atakamilisha rakaa nne pamoja naye, hata kama amemdiriki katika tahiyatu ya mwisho. Wapo wanaotoa salamu rakaa ya pili na kuondoka. Hilo halifai. Na akisali Ijumaa pamoja na wenyeji, sala yake ni sahihi na inamtosha.

*Tano:* aliyekatikiwa na safari Dar kwa kukaa siku nyingi, je akivuka anaanza kupunguza upya? Kwa anayekwenda Unguja, masafa ni kama kilomita 70 na kidogo. Masafa ya kupunguza sala ni marhala mbili, ambazo wengi wa wanachuoni wa zama hizi wanazikadiria kwa zaidi ya kilomita 80. Kwa hesabu hiyo hapunguzi. Anayekwenda Pemba masafa yake yanazidi kiwango hicho, kwa hiyo anapunguza. Kwa kuwa katika kukadiria kuna khitilafu, anayekamilisha baina ya Dar na Unguja amejitoa katika khilafu, na hilo ndilo la salama zaidi. Yule wa kwanza, ambaye safari yake ya Makka haikukatika, haguswi na suala hili: safari yake ni moja, kutoka Makka hadi kwao.

*Sita:* mwenye mke na nyumba Temeke, na nyumba nyingine Unguja, na anakaa huku na huku mwaka mzima, tunamnasihi akamilishe anapokuwa katika mojawapo. Kukamilisha ni sahihi kwa kila hali, na ni bora kuliko kuisali sala yake katika shaka.

*Saba:* safari inakwisha mtu anapoingia mipaka ya mji au kijiji chake. Mkaazi wa Malindi safari yake imekwisha anaposhuka bandarini. Mwenye kwao Makunduchi au Nungwi bado ni msafiri mpaka afike kijijini. Aliyechelewesha adhuhuri kwa nia ya kuijumuisha na alasiri, kisha akafika kwao kabla ya kusali, atazisali zote nne nne.

Baharini na kuingia nyumbani

Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka Hija, Umra au vitani, alikuwa akileta takbira tatu kila anapopanda mwinuko, kisha anampwekesha Allah na kutangaza kuwa wanarejea hali ya kuwa ni wenye kutubia, kuabudu na kumsifu Mola wao. Dua hii imo katika Bukhari na Muslim na vitabu vyote vya nyiradi, na mahujaji wetu wengi wanaihifadhi. Na Anas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume alipoiona Madina alikuwa akikiharakisha kipando chake kwa kuupenda mji huo. Basi hujaji aliyeketi katika boti, na ukaanza kuonekana mnara wa taa wa Chumbe, huo ndio wakati wa ulimi kushughulika na dua, si wakati wa kugombania mlango wa kushukia.

Mtume (s.a.w.) amekataza msafiri kuwagongea ahali zake usiku kwa ghafla, ili mke apate nafasi ya kujitengeneza, na ili mtu asije kwa dhana mbaya ya kupeleleza. Wanachuoni wamesema wakiwa wameshapewa khabari hapana ubaya. Leo simu inatosha. Kumfanyia mke wako mshangazo usiku wa manane kwa ajili ya kurikodi video, huko ni kwenda kinyume na adabu hii.

Akifika aanze msikitini, asali rakaa mbili. Hii ni Sunna iliyothibiti kutoka kwa Ka'b bin Malik (r.a.), na wengi wameiacha. Msikiti wa mtaani kwake unatosha. Kisha watoto. Abdullah bin Ja'far (r.a.) amesimulia kuwa watoto wa nyumba ya Mtume walikuwa wakitolewa kumlaki, naye akiwapakia kwenye kipando chake, mmoja mbele na mwengine nyuma. Basi wajukuu waje bandarini, na wawe wa mwanzo kukumbatiwa.

Kumuomba hujaji akuombee msamaha ni jambo jema, ingawa baadhi ya hadithi zinazotajwa katika mlango huu sanadi zake zimezungumzwa. Kuombeana dua asili yake imethibiti.

Zawadi na karamu

Zawadi inaleta mapenzi, lakini si sehemu ya Hija. Tende chache na gilasi ya Zamzam zinatosha. Ile dumu ya lita 5 si lazima iwekwe kabatini mpaka mwaka mwengine. Itolewe, wanywe wagonjwa na majirani. Ama hujaji kukopa ili kila shemegi apate kanzu au baibui, huko ni kujitwika alichotuliwa. Na familia zimuogope Allah, zisimtazame mzee mikono.

Karamu ya kumpokea msafiri ina asili katika sheria. Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alichinja ngamia au ng'ombe, na wanachuoni wanaiita karamu hii naqi'a. Mwenye uwezo afanye kwa kadiri yake. Asiye na uwezo, chai na mkate wa kumimina vinatosha, na hajapungukiwa na chochote. Haifai kukodi maturubali kwa deni, wala kuacha sala ya isha kwa sababu wapishi hawajamaliza.

Itazameni miguu yake

Huu ni wasia mfupi lakini muhimu. Mgonjwa wa sukari anaweza kupata kidonda mguuni bila ya kuhisi maumivu. Siku ya kwanza mtoto amvue baba yake soksi, amtazame nyayo na baina ya vidole. Akiwa na lengelenge lililopasuka, jeraha au uvimbe, apelekwe hospitali. Homa na kikohozi kisichopungua navyo visidharauliwe, na daktari aelezwe kuwa mgonjwa ametoka Hija. Kisha aachwe alale. Wageni watakuja kesho.

Baada ya wageni kuondoka

Katika Surat al-Baqara, aya ya 200, Allah amewataka waliomaliza ibada zao za Hija wamkumbuke Yeye kama wanavyowakumbuka wazee wao, au zaidi. Yaani kumaliza Hija si kumaliza dhikri. Na amepokewa Hasan al-Basri akieleza kuwa alama ya Hija iliyokubaliwa ni mtu kurudi hali ya kuipa dunia mgongo na kuitaka akhera.

Wala mtu asidhani kuwa Hija imefuta haki za waja. Mirathi ya ndugu zako uliyoikalia, mshahara wa kijana wako wa dukani, deni la jirani, hayo yanakusubiri pale pale ulipoyaacha. Yule aliyetembea kutoka Arafa hadi Muzdalifa usiku akitaraji msamaha wa Mola wake, hawezi kushindwa kutembea nyumba tatu kumlipa mwenye haki yake. Hatua hizo chache ndizo zitakazowaonesha ahali zake kuwa kweli ametoka Hija, kuliko kuitwa Alhaji.

Tunamuomba Allah Mtukufu awarejeshe mahujaji wetu wote kwa salama, azikubali Hija zao, awaghufirie waliofia huko, na awaruzuku wanaotamani na hawajapata.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.